Papasi

Papasi ni kupe laini wa jenasi *Ornithodoros* katika familia Argasidae. Kwa Kiswahili jina hili hutumika hasa kwa *Ornithodoros moubata* na jamaa zake wa karibu, ambao hupatikana Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini. Huishi katika vumbi na nyufa za nyumba za udongo, vibanda na kambi za zamani. Usiku hutoka na kufyonza damu ya mtu aliyelala, kisha hurudi mafichoni kabla hakujapambazuka. Ndiyo maana mtu anaweza kuumwa usiku baada ya usiku bila kumwona mdudu aliyemwuma.

Papasi wanaweza kuambukiza homa ya papasi, ugonjwa unaosababishwa na bakteria *Borrelia duttonii*. Homa hiyo hupanda ghafla, hushuka, kisha hurudi tena baada ya siku kadhaa. Dalili zake zinafanana sana na za malaria na mara nyingi huchanganywa nayo. Ni hatari hasa kwa wajawazito, watoto wachanga na watoto wadogo, ingawa hutibika kwa antibiotiki za kawaida ikitambuliwa mapema.

## Jina na uainishaji

Katika lugha ya kila siku papasi huitwa mdudu, lakini kibiolojia si mdudu wa kweli. Wadudu wa kweli, kama kunguni na kiroboto, wana miguu sita. Papasi mpevu ana miguu minane, na amewekwa katika ngeli ya Arachnida pamoja na buibui, nge na utitiri.

Kupe wamegawanyika katika makundi makubwa mawili. Kupe wagumu, kama wale wa ng'ombe na mbwa, wana ngao ngumu mgongoni na hung'ang'ania mwilini kwa siku kadhaa. Kupe laini, ambao papasi ni mmojawapo, hawana ngao. Ngozi yao ni kama ya kiatu kilichokunjamana, na hula kwa muda mfupi tu.

*Ornithodoros moubata* alielezwa kisayansi na Andrew Murray mwaka 1877. Mwaka 1962 mtaalamu G. A. Walton, aliyechunguza papasi wa Afrika ya Mashariki, alionyesha kwamba wale waliodhaniwa kuwa spishi moja ni kundi la spishi zinazofanana. Baadhi huishi na watu majumbani, wengine huishi katika mashimo ya ngiri na wanyama wengine wa porini. Katika vitabu vya zamani vya tiba papasi wa Kongo anatajwa kwa jina la *kimputu*, na wa Afrika ya Kusini kwa jina la *tampan*.

## Umbo

Papasi mpevu mwenye njaa ana urefu wa karibu milimita 8 hadi 10. Ni bapa, wa mviringo, mwenye rangi ya udongo au kijivu-kahawia. Akitulia juu ya vumbi ni vigumu kumtambua. Akitazamwa kutoka juu haonekani kuwa na kichwa, kwa kuwa sehemu za kinywa ziko chini ya mwili. Hana macho. Hutambua kuwapo kwa binadamu kwa joto la mwili na kwa hewa ya kaboni dioksidi anayoitoa akipumua.

Akishiba huvimba na kuwa kama punje ya maharage, na rangi yake hugeuka kuwa nyeusi kidogo. Akiguswa hukunja miguu na kujifanya amekufa kwa muda, jambo linalowafanya watu wengi wamdhanie kuwa ni donge la udongo.

## Maisha

Jike hutaga mayai kwa mikupuo kadhaa, kila mara baada ya kula damu. Lava wa *O. moubata* ana miguu sita na hali kitu. Hubaki karibu na ganda la yai mpaka ajibadilishe kuwa tunutu mwenye miguu minane. Tunutu hupitia hatua kadhaa, na kabla ya kila hatua anahitaji mlo wa damu.

Mlo wa papasi huchukua kati ya dakika 20 na saa moja hivi, na tunutu wadogo humaliza mapema zaidi. Anapokula hutoa mate kwenye jeraha, na pia maji kutoka kwenye tezi zilizo karibu na mashina ya miguu ya mbele. Bakteria huweza kuingia mwilini kwa njia zote mbili, tena katika muda mfupi. Hapa papasi anatofautiana na kupe wengi wagumu, ambao huhitaji kung'ang'ania kwa saa nyingi kabla ya kuambukiza.

Papasi huishi miaka kadhaa na anaweza kukaa zaidi ya miaka miwili bila kula. Aliyeambukizwa hubaki na bakteria maisha yake yote, na jike anaweza kuwarithisha watoto kupitia mayai. Kwa hiyo kibanda kilichohamwa miaka miwili iliyopita, ambacho mtu anakiona kuwa kitupu na salama, huenda bado kina papasi wenye njaa na wenye bakteria.

## Makazi

Papasi wa majumbani hupenda mahali pakavu penye kivuli na vumbi laini. Hupatikana:

* katika nyufa za sakafu ya udongo, hasa kando ya kuta na chini ya vitanda;
* katika kuta zilizokandikwa kwa udongo ambazo zimepasuka;
* karibu na mafiga, ambapo udongo huwa mkavu na wenye joto;
* chini ya mikeka, ngozi na magunia yanayolaliwa;
* katika vibanda vya mashambani, kambi za wawindaji na mabanda ya wasafiri yasiyokaliwa kila siku.

Nchini Tanzania homa ya papasi imejulikana kwa muda mrefu katika mikoa ya kati, hasa Dodoma, ambako nyumba ya jadi ya Wagogo ni tembe, yaani nyumba ya miti na udongo yenye paa la udongo lililo bapa. Imeripotiwa pia kusini mwa Ziwa Viktoria. Nje ya Tanzania imeandikwa katika Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na nchi nyingine za jirani.

Papasi haambatani na ukoo wala kabila fulani, bali hufuata sakafu na kuta. Familia ikihamia nyumba yenye sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa plasta, papasi hukosa mahali pa kujificha na idadi yao hupungua sana.

## Kutambua aliyeuma

Mtu anayeamka na alama za kuumwa katika kibanda kigeni mara nyingi hulaumu mbu. Alama peke yake haitoshi kumtambua aliyeuma, kwa sababu ngozi za watu hazifanani. Mgeni anaweza kuvimba sana, huku mwenyeji aliyezoea asionyeshe kitu. Inafaa kuangalia alama pamoja na wakati, mahali zilipo mwilini, na dalili zilizoachwa chumbani.

* Mbu huuma sehemu zisizofunikwa. Sauti yake husikika, na alama zake huwasha mara moja na kutoweka baada ya siku chache.
* Usubi ni wadogo kiasi cha kupenya baadhi ya vyandarua. Huuma wengi kwa pamoja, hasa jioni na alfajiri.
* Kunguni huacha alama kadhaa zilizokaribiana, mara nyingine kwa mstari. Madoa madogo meusi au ya damu huonekana kwenye shuka, mishono ya godoro na maungio ya kitanda.
* Viroboto huuma zaidi miguuni na kwenye vifundo, hata mchana. Huruka wakisumbuliwa, na huwa wengi penye mbwa, paka au panya.
* Utitiri wa kuku huwasha mwili mzima, hasa kama kuku wanalala ndani au wametagia chumbani. Ni wadogo mno, huonekana kama vumbi linalotembea.
* Chawa wa mwili hukaa katika mishono ya nguo, na huenda na mtu popote anapokwenda.
* Upele hauletwi na kibanda bali na mtu mwingine aliye nao. Huwasha zaidi usiku, hasa kati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono, na mara nyingi huwapata watu kadhaa wa nyumba moja.
* Papasi huuma usiku, na kwa kawaida mtu hahisi maumivu wakati huo. Asubuhi huonekana alama moja au chache, zenye doa dogo jekundu au jeusi katikati na wekundu kuzunguka. Kwa baadhi ya watu alama huuma na kuwasha kwa siku kadhaa. Chandarua kinachoning'inia bila kuchomekwa hakimzuii, kwa sababu hatoki juu bali chini.

Ili kumpata papasi, vumbi huchotwa kando ya ukuta, chini ya kitanda na kwenye nyufa, kisha hutandazwa juu ya shuka jeupe juani. Kwanza hakuna kinachoonekana kusogea. Baada ya dakika kadhaa joto huwalazimisha papasi kuacha kujifanya wamekufa, nao huanza kutembea kutafuta kivuli. Njia nyingine ni kuamka usiku na kumulika sakafu na miguu ya kitanda kwa tochi. Papasi hawafai kupondwa kwa vidole, kwani maji ya mwili wao yanaweza kuwa na bakteria. Hushikwa kwa koleo ndogo au kwa karatasi na kuwekwa katika chupa yenye kifuniko.

## Homa ya papasi

### Dalili

Dalili huanza kati ya siku 3 na 18 baada ya kuumwa, mara nyingi karibu na siku ya saba. Homa hupanda ghafla, pamoja na kutetemeka, kuumwa kichwa, maumivu ya misuli na viungo, kichefuchefu na kutapika. Bandama na ini huweza kuvimba. Wengine hutokwa damu puani au kuwa na macho ya manjano.

Baada ya siku 3 hadi 6 homa hushuka, mara nyingi kwa jasho jingi na udhaifu mkubwa. Mgonjwa hujiona amepona. Baada ya siku 7 hivi homa hurudi, kisha hupotea tena. Asipotibiwa anaweza kurudiwa mara nyingi. Wakati mwingine ugonjwa huathiri neva, kwa mfano kupooza upande mmoja wa uso, au huathiri macho.

Homa hurudi kwa sababu bakteria hubadilisha protini zilizo juu ya ngozi yao. Kinga ya mwili inapojifunza kuwatambua na kuwaua walio wengi, wachache waliokwisha kubadilika hubaki bila kutambuliwa. Hao huzaana mpaka wawe wengi, na homa huanza upya.

### Kuchanganywa na malaria

Katika maeneo mengi yenye papasi kuna malaria pia. Mgonjwa hupewa dawa ya malaria, homa inashuka kwa sababu kipindi chake kimekwisha, naye anaamini kwamba dawa imemponya. Homa inaporudi wiki iliyofuata, hufikiriwa kuwa ni malaria mpya au malaria sugu, na dawa ileile hutolewa tena.

Kipimo cha haraka cha malaria hutambua vimelea vya malaria pekee, hakiwezi kuonyesha *Borrelia*. Kikiwa hasi, swali la chanzo cha homa bado halijajibiwa. Hata kikiwa chanya, mgonjwa anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Homa ya papasi hutambuliwa kwa kuchukua tone la damu *wakati homa iko juu*, kulipaka kwenye kioo, kulitia rangi na kulitazama kwa hadubini. Bakteria huonekana kama nyuzi zilizojisokota kati ya chembe za damu. Homa ikiwa imeshuka, bakteria huwa wachache mno na wanaweza wasionekane.

Maelezo ya mgonjwa kwa mganga ndiyo huelekeza uchunguzi: alilala wapi katika wiki tatu zilizopita, sakafu ilikuwa ya namna gani, kama aliamka na alama za kuumwa, na kama homa imewahi kupotea na kurudi. Mgonjwa asiposema, fundi wa maabara huenda asijue la kutafuta.

### Wajawazito na watoto

Ujauzito huufanya ugonjwa kuwa mkali zaidi. Mimba inaweza kuharibika, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, au kuzaliwa akiwa ameambukizwa tayari na kufa katika siku za kwanza. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Tanzania umeonyesha kwamba wajawazito na watoto wadogo ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa ugonjwa huu vijijini. Mjamzito mwenye homa katika eneo lenye papasi anahitaji kupimwa siku hiyohiyo.

### Tiba

*Borrelia duttonii* huuawa na antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini, penisilini na erithromaisini. Tetrasaiklini kwa kawaida hazitolewi kwa wajawazito na watoto wadogo. Aina na kipimo cha dawa huamuliwa na mganga.

Saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka kwa nguvu, homa ikapanda zaidi na shinikizo la damu likashuka. Hali hii husababishwa na bakteria wengi kufa kwa pamoja, wala si dalili kwamba dawa ni mbaya. Hata hivyo inaweza kuwa ya hatari, na ndiyo sababu mgonjwa huangaliwa kituoni kwa saa kadhaa badala ya kupewa dawa na kurudishwa nyumbani.

## Historia

David Livingstone, katika kitabu chake cha safari kilichochapishwa mwaka 1857, alieleza maumivu na ugonjwa uliofuata baada ya kuumwa na kupe wa vibandani. Wenyeji wa njia alizopita walikuwa wakiujua ugonjwa huo kabla yake. Kisichojulikana wakati huo kilikuwa chanzo chake.

Mwaka 1868 daktari Otto Obermeier wa Berlin aliona bakteria waliojisokota katika damu ya wagonjwa wa homa ya kurudiarudia inayoletwa na chawa, na mwaka 1873 alichapisha habari hiyo. Kwa upande wa Afrika, Philip Ross na A. D. Milne walionyesha nchini Uganda mwaka 1904 kwamba bakteria wa namna hiyo wanahusika na homa ya kupe.

Wakati huohuo Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, waliotumwa kutoka Liverpool, walikuwa wakichunguza ugonjwa huo mashariki mwa Kongo. Walithibitisha kwamba papasi ndiye anayeuambukiza. Wote wawili waliugua kazini. Dutton alifariki Kasongo, Maniema, mwezi Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Bakteria alipewa jina la *duttonii* kwa kumbukumbu yake.

Mwaka huohuo wa 1905 Robert Koch alifanya uchunguzi katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania bara. Alikuta papasi katika mabanda ya kupumzikia yaliyokuwa kando ya njia za misafara, na akaona bakteria hata ndani ya mayai yao. Mabanda hayo yalilaliwa na kundi moja la wapagazi baada ya jingine. Kila kundi liliwalisha papasi, na mgonjwa mmoja aliweza kuacha bakteria kwa ajili ya wageni waliomfuata. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia askari na wapagazi wa pande zote Afrika ya Mashariki waliugua homa hiyo.

## Jamaa wa papasi katika vibanda vya Amerika Kaskazini

Ugonjwa wa namna hii haupo Afrika peke yake. Katika milima ya magharibi mwa Marekani na Kanada huishi kupe laini *Ornithodoros hermsi*, anayeambukiza *Borrelia hermsii*. Hupatikana katika misitu ya misonobari, hasa kwenye mwinuko wa takriban mita 450 hadi 2,400. Hukaa katika viota vya kindi na wagugunaji wengine. Viota hivyo vikiwa darini au ukutani mwa kibanda cha mbao, na wagugunaji wakifa au wakihama, kupe hao huwageukia watu wanaolala humo.

Mwaka 1968, katika jimbo la Washington, watu 11 kati ya kundi la maskauti na viongozi wao 42 waliugua baada ya kupiga kambi mahali penye vibanda vilivyokuwa na viota vya wagugunaji. Mwaka 1973 wagonjwa 62 walihusishwa na vibanda vya ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon, Arizona. Wageni wengi walikuwa wamerudi makwao katika majimbo mengine kabla ya kuugua, mahali ambapo madaktari hawakuuzoea ugonjwa huo. Ugonjwa ulitokea tena hapohapo mwaka 1990.

Kibanda cha mbao chenye mahali pa moto na tembe la udongo ni tofauti kwa sura, lakini kwa papasi vina mambo matatu yaleyale: nyufa, ukavu, na mtu aliyelala. Tofauti kubwa ni kwamba *B. hermsii* hutunzwa na wagugunaji, wakati *B. duttonii* hutunzwa hasa na binadamu na papasi wenyewe.

## Kinga

Kwa anayeishi katika nyumba yenye papasi, hatua zinazosaidia ni hizi:

* kuziba nyufa za kuta na kupiga plasta, hasa sehemu ya chini;
* kuweka sakafu ya saruji, au kama haiwezekani, kuishindilia na kuikandika upya mara kwa mara;
* kulala juu ya kitanda kilicho mbali na ukuta, shuka na blanketi zisiguse sakafu;
* kuchomeka chandarua chenye dawa chini ya godoro pande zote;
* kuanika mikeka na matandiko juani na kuyakung'uta nje;
* kupulizia dawa ya kuua wadudu katika nyufa kwa ushauri wa bwana afya, kwa kuwa dawa isiyofika ndani ya ufa haimfikii papasi.

Kwa msafiri, mwanafunzi wa mafunzo ya uwandani au mlinzi wa shamba, ni bora kupiga hema hatua kadhaa mbali na kibanda cha zamani kuliko kulala ndani yake. Akilazimika kulala ndani, asitandike chini. Mizigo na nguo zining'inizwe, na zikung'utwe kabla ya kuondoka, ili papasi wasisafirishwe hadi nyumba nyingine. Tarehe na mahali alipolala ni vema viandikwe, kwani homa ikianza wiki mbili baadaye, mambo hayo mawili yatamsaidia mganga.

## Papasi na homa ya nguruwe

Papasi wanaoishi katika mashimo ya ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Virusi hivyo haviwadhuru binadamu, wala ngiri hawaonyeshi ugonjwa, lakini huua nguruwe wa kufugwa kwa wingi. Mabanda ya nguruwe yenye nyufa na vumbi yanaweza kuwa makazi ya papasi, na baada ya mlipuko huweza kuendelea kuhifadhi virusi kwa muda mrefu hata kama nguruwe wote wameondolewa. Kwa hiyo mfugaji anashauriwa kusakafia banda na kuziba nyufa zake, kama inavyofanyika katika nyumba ya kulala watu.